Mrembo wa Riwaya kwa Hatua Sita

Ndugu yangu mwandishi wa Hola, unataka riwaya yenye mwanamke mzuri, lakini jasho la jua la Mto Tana linakutosha, hutaki la kalamu. Nifuate.

1. Usimtazame mtu. Vifaa viko tayari tangu enzi za babu: macho ya kurembua, pua ya upanga, meno ya mchele, kiuno cha nyigu. Anza na nywele, shuka mpaka kisigino. Ukifika kifuani, punguza mwendo.

2. Mpake rangi ya maji ya kunde, umpe na nywele za singa. Weusi wa mama Mpokomo anayepalilia mpunga kando ya mto usiuguse, wala sugu za viganja vyake. Ukizigusa itabidi ueleze amezipataje, na hapo utakuwa umejitwisha kazi.

3. Asifanye lolote. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa mwaka 2023, wengine ndio wahamishe watoto, mbuzi na magunia. Mrembo wako asimame ukingoni, kanga imemganda mwilini, shujaa apite na mtumbwi amwone.

4. Asiwaze lolote. Shujaa atawaza kwa niaba yake, kurasa kwa kurasa. Yeye aone haya, ainamishe kichwa, achore chini kwa kidole cha mguu. Akiitwa, aitike "abee". Akijibu zaidi ya hapo, mkatize kwa busu.

5. Mwadhibu. Uzuri lazima ulipiwe: mimba, danguro, kaburi. Ukiulizwa, jikinge kwa wakubwa. Mtaje Rosa wa Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971), halafu Maimuna wa Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980). Nyamaza tu kuhusu baba zao. Kezilahabi alituonyesha ukali wa Zakaria kabla ya kutuonyesha anguko la bintiye, na Maimuna hakupotea ila baada ya Maksuudi kumfungia ndani kama mali. Wewe beba anguko, sababu waachie wenyewe.

6. Jihadhari na vitabu vitakavyokuharibia mpango. Wasifu wa Siti binti Saad ni hatari kubwa. Humo Shaaban Robert anamfuata mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyetoka katika umaskini akapanda kwa sauti na akili yake, mpaka mwaka 1928 akafika Bombay kurekodi nyimbo. Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999) nayo ifunike. Yasmin ni mzuri, sawa, lakini ameozwa angali mtoto kwa Raza aliyemzidi umri mno, akakataa, akaondoka kutafuta maisha yake. Mwanamke anayekataa anaweza kukushika riwaya nzima ukabaki kumfuata.

Basi, kazi imekwisha. Una mrembo kitabuni, ila mwanamke huna.

Kama hilo linakuuma, nami linaniuma, kwa hiyo sikiliza ninachokutakia. Chana kurasa hizo. Nenda sokoni Hola umkute mama wa maembe. Msalimie, nunua, usiharakishe kuondoka. Sikiliza anavyoshikilia bei yake, anavyosimulia usiku maji yalipoingia nyumbani, anavyopiga hesabu ya karo. Pita Garsen usikilize na wauza maziwa wa Kiorma. Andika hayo kwanza. Uso utakuja wenyewe, na utakuwa wa mtu mmoja tu duniani.

Kumbuka nani atakusoma. Utengano na Siku Njema ya Ken Walibora zimetahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, na darasani wasichana wamo. Siku kitabu chako kitakapofika Tana River, binti mweusi wa Hola atakifungua ajitafute ndani yake. Usimfanye akose.