Namna ya Kuwa Tajiri wa Ndege Bila Kununua Hata Tairi

Ndugu yangu, achana na habari ya kununua ndege. Ndege inakula mafuta, inakula mafundi, inakula bima, na hata ikilala tu hangani bado inakula. Wazoefu wa uwanja wa ndege wa Wilson, pale Nairobi, wanajua faida ya ndege za kukodi iko kwenye simu. Nunua bando, sogea karibu.

1. Kuwa dalali, ila usijiite dalali

Jiite mshauri wa usafiri wa anga. Ndege ina mwenyewe, mara nyingi tajiri aliyeambiwa kwamba itajilipa. Yeye ameikabidhi kwa kampuni yenye cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka ya anga, maana bila cheti hicho huruhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Kampuni inaleta rubani na mafundi. Wewe unaleta maneno. Mteja akipiga, mwambie "ndege zetu", tena kwa wingi, kisha kata simu uanze kuitafuta hiyo moja. Komisheni yako ichomeke ndani ya bei ya saa, isionekane hata kwa darubini.

2. Kiti kimoja, walipaji wawili

Mteja hudhani analipia anakokwenda tu. Maskini! Kutoka Wilson hadi Lodwar ni kama kilomita 500. Mheshimiwa akishuka, akahutubia, akaamua kulala kwa shemeji yake, chopa lazima irudi nyumbani, na saa za kurudi ni juu yake. Akitaka imsubiri, atalipia kusubiri, kuegesha na kitanda cha rubani. Mpaka hapo mambo ni halali kabisa.

Utamu uko kwenye ile safari tupu. Imeshalipiwa, sivyo? Basi tafuta mtu wa Lodwar mwenye haraka ya kufika Nairobi, umuuzie kwa "punguzo la rafiki". Wote wawili watakushukuru, mradi wasikutane.

Msimu wa kampeni ndio mavuno yenyewe. Mheshimiwa angeweza kufika kwa gari na akawahi, lakini nani atamwona? Anataka kushuka kutoka juu, mabati yatikisike, kofia za wazee ziruke, watoto watimue mbio wakiifuata. Kwa hiyo usimsumbue na habari za mwendo kasi. Muuzie vumbi.

3. Siku ya mizani, potea

Wilson iko juu, takriban futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi, kwa hiyo injini huchoka mapema na mapanga hayana cha kushika. Chopa aina ya Robinson R44 ina viti vinne, kimoja cha rubani. Hivyo ni viti; uzito ni kesi nyingine.

Ulipouliza kilo kwa simu, Mheshimiwa alisema 80. Mlinzi 70, mpambe 65. Umewahi kuona mpambe wa kilo 65? Sasa wamefika, na rubani, kijana mpole mwenye shati jeupe, anaweka mizani sakafuni. Mheshimiwa anapanda na simu zake mbili. Sindano inakwenda 112. Anavua koti, anashusha pumzi, anapanda tena: 111. Anasema mizani ni mbovu. Rubani anatabasamu na kumtazama mpambe, na mpambe anaanza kuulizia basi.

Wewe saa hiyo uko "mkutanoni". Rubani ndiye mwenye neno la mwisho, basi na matusi yawe yake.

4. Giza

Viwanja vingi vya Maasai Mara ni vya changarawe na havina taa. Mteja atachelewa kwenye chakula cha mchana na kuomba dakika kumi. Mwambie kwa heshima zote kwamba jua halipokei simu.

5. Mkato usiopitwa

Atakuja mwenye ndege binafsi akunong'oneze: "Kampuni ya nini? Sema ni marafiki zangu, wanachangia mafuta." Nusu bei! Hapa naomba uniache. Januari 2019, mwanasoka Emiliano Sala alipandishwa ndege ndogo ya injini moja, usiku, kutoka Nantes kwenda Cardiff. Rubani hakuwa na leseni ya kubeba abiria wa kulipa, wala kibali cha kuruka usiku. Ilianguka baharini karibu na Guernsey. Aliyepanga safari alifungwa miezi 18 nchini Uingereza, mwaka 2021. Sisi ni watu wa maneno matamu, hatuchimbi makaburi.

6. Ukishindwa kabisa kurusha

Usihuzunike. Mwaka 2017, kule Moscow, kampuni moja ilianza kukodisha ndege ya Gulfstream iliyoegeshwa, kwa saa, ili watu wapigwe picha wakiwa na glasi mkononi na macho dirishani. Fikiria raha hiyo: hakuna rubani, hakuna mizani, hakuna giza. Tafuta ndege yoyote iliyogandishwa na madeni, elewana na mwenyewe, weka zulia kwenye ngazi. Mteja akiuliza kuhusu mafuta, mwambie yamo kwenye bei.