Mwalimu Mstaafu Anajibu: Kipepeo Hanipi Nafasi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kariokor, nina simu yenye kamera nzuri. Kila nikimkaribia kipepeo, anaruka. Simu imejaa picha za majani matupu, na mabeshte wananiita mpiga picha hewa. Nifanyeje? – Hewa, Kariokor.

JIBU: Marahaba, mwanangu Hewa. Una bahati, maana swali lako limemfikia mtu. Wapo washauri wengine nchini, siwataji, ambao wangekwambia uwe na subira. Subira! Nimeisomesha darasa la saba mpaka chaki ikanikausha koo, na sikuona mtoto aliyetoka nayo.

Wageni wa safu hii wafahamu wanaongea na nani. Miaka ya themanini hapa mtaani hakuna harusi niliyopiga ambayo kidole changu hakionekani. Filamu ilikuwa na picha 36, basi. Ukizimaliza bibi arusi hajashuka garini, shauri yako. Nyinyi mnabonyeza mia mbili kabla ya chai, halafu mnamsingizia mdudu. Mohamed Amin, mtoto wa Eastleigh aliyezaliwa 1943, alitikisa dunia kwa picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Namheshimu. Lakini sijaona hata picha yake moja ya kiwavi wa mlimau, na mimi ninazo, ziko ndani ya bahasha, juu ya kabati, na si kila mgeni huonyeshwa.

Kipepeo, ndiyo. Kipepeo hana joto lake mwenyewe, anategemea jua. Asubuhi ya Julai, Nairobi ikiwa na ile baridi ya kukaza vidole, utamkuta kajibandika kwenye jani, mabawa kayafumba, hana nguvu ya kwenda popote. Jua likimpiga anayafunua aote, na misuli ya kifua ikishapata moto, kwaheri. Sasa wewe unaamka saa ngapi? Barua yako inanuka saa tano. Mimi huwa nimeshavaa viatu mwadhini wa Pumwani akiwa bado anasafisha koo, na viatu vyenyewe ni akala za soko la Kariokor, ambazo fundi alinishonea kwa bei ya zamani kwa sababu nilimfundisha hesabu. Alisahau hesabu, ndiyo maana bei ikawa nzuri.

Kisha kivuli. Macho ya kipepeo yanaona karibu pande zote, na kivuli kikimpitia haulizi ni Hewa au ni ndege. Angalia jua liko wapi, shuka chini, jongea ukiwa umechuchumaa. Majirani watakuuliza umepoteza nini. Waambie umetumwa na Mwalimu, watanyamaza.

Hapa ndipo dawa yangu inapoingia. Madume wa vipepeo wengi wana uchu wa chumvi, hivyo hushuka kunyonya tope, jasho, hata mkojo wa mbuzi. Nikachukua kofia yangu ya ualimu, ambayo haijaonja sabuni tangu nistaafu, nikailowesha na kuitandika karibu na bomba linalovuja, nyuma ya wachoma nyama wa sokoni. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki na ubavu wa mbuzi mkononi, maana mtaalamu hafanyi kazi na njaa. Kipepeo mweupe akaja. Akatua. Nikainua simu kwa mkono mmoja, na papo hapo mwewe akashuka toka kwenye nguzo ya stima akaondoka na ubavu. Picha niliyopata ni ya bawa lililofifia, mfupa hewani na uso wa mwanamke aliyekuwa akinunua kiondo. Wajuzi wameiona wakakosa la kusema.

Ukitaka vipepeo wakubwa, wale waendao kasi kama matatu ya Ngara, nenda msitu wa Karura na ndizi iliyooza, ukaitie bia kidogo. Maua hawayajali sana, wanapenda kilichochacha. Unapopita getini umkumbuke Wangari Maathai, aliyepigwa pale mwaka 1999 akipanda miti ili wanyakuzi wasiugawane msitu huo. Bia isiyotumika usiilete nyumbani, niletee.

Ila wewe hutaki kutembea, najua. Basi panda mlimau kwenye debe hapo kwenye roshani. Kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, hana mkia, hutaga juu ya majani ya milimau na michungwa. Mtoto wake akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Mke wangu aliwafuta kwa kitambaa kizazi kizima. Wakikua wanageuka kijani, na ukimgusa mmoja anachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, anatoa harufu kali. Mwishowe anajifunga kwenye kijiti kwa uzi kiunoni na kuwa bundo. Siku ya kutoka, mabawa huwa yamekunjamana na mabichi, naye huning'inia akiyajaza damu mpaka yanyooke. Muda wote huo hawezi kuruka. Mpige picha, umpige tena, tumbo, miguu anayoonjea majani, chochote. Usivute zumu, simu inakata tu picha na kukupa ukungu. Sogea wewe. Gusa jicho lake kwenye kioo ushikilie ili fokasi isihame, na simu iwe sambamba na mabawa, maana ukikaribia hivyo sehemu inayotoka safi ni nyembamba mno.

Ningekueleza pia namna nilivyo... lakini mhariri amenikatia nafasi, mtu ambaye insha zake za zamani bado ninazo.

Harakaharaka: Mama wa Gikomba, marabu wako ana miguu myeupe kwa sababu anajinyea makusudi ili apoe. Si ugonjwa, na usimpanguse kabla ya kumpiga picha. Kijana wa Ziwani uliyeuliza kama nyoka anahitaji flashi: hapana. Rudi nyuma, endelea kurudi, ukifika barabarani andika tena.