Sifa za Kunguni

Wapo wanaomtukana kunguni kuwa ni mdudu wa wachafu. Wanamsingizia. Yeye habagui: atalala hotelini na mtalii kama anavyolala bwenini na mwanafunzi, mradi kuna mtu na damu yake. Kwa subira ndiyo usiseme, maana akishakomaa anaweza kukaa miezi bila mlo. Na siku ya tatu hapewi jembe, kwa kuwa hakuna aliyemwona akiingia.

Lakini ajabu yake kubwa ni ujirani mwema. Akishanyonya usiku, hatangitangi. Anarudi kwenye ufa wa chaga waliko wenzake. Kunguni hujivua ganda mara tano kabla ya kukomaa, na kila mara sharti ashibe damu kwanza. Maganda hayo, pamoja na kinyesi, hubaki palepale ufani. Mwenye nyumba akiinua godoro huona uchafu tu. Kunguni yeye anasoma anwani.

Anwani hizo ni feromoni, yaani kemikali ambazo wadudu wa aina moja hupashana habari kwazo. Regine na Gerhard Gries wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walizichambua kwa miaka, na kunguni wa maabara walihitaji kula. Regine akajitolea mikono yake, kwa kuwa ngozi yake haikuvimba sana. Aliumwa zaidi ya mara 180,000! (Wafalme wengi wamehudumiwa kwa moyo mdogo kuliko huo.) Jibu likapatikana: harufu kadhaa zinazosafiri hewani humvuta kunguni, kisha histamini iliyomo kwenye maganda humtuliza akiigusa. Histamini ndiyo hiyohiyo ambayo mwili wa binadamu huitoa akiumwa, akaamka kujikuna. Kinachomnyima mmoja usingizi kinamwambia mwingine amefika, apumzike.

Ana na king'ora. Ukimfinya hutoa ule uvundo mkali unaojulikana na kila aliyewahi kumponda, na wenzake wakiunusa hutawanyika. Uvundo huo humaliza hata kesi za unyumba. Dume ana pupa mno: humpanda yeyote aliyeshiba, jike kwa dume. Na si mahaba, kwani hutoboa tumbo kwa kiungo chenye ncha. Basi dume aliyepandwa kimakosa huachia harufu ya hatari, na mkwezi huteremka. Hakuna ngumi wala baraza la wazee.

Hata akiuawa, hasahauliki upesi. Mwaka 2018 watafiti wa North Carolina walionyesha kwamba vumbi la nyumba zenye kunguni limejaa histamini. Nyumba zikapashwa joto, kunguni wakafa wote. Miezi mitatu baadaye histamini ilikuwa bado haijapungua vya kutosha kuonekana kwenye vipimo.