Mashauri kwa Waliojenga Kando ya Maji

Wilaya ya Kilosa haina ziwa la kujigamba nalo mbele ya watu wa Mwanza wala wa Kigoma, na ramani nyingi huipita kimya zinapohesabu maziwa ya nchi hii. Walakini mwenye kusafiri bila haraka atakuta huko maji madogo madogo yenye watu wake: bwawa la Kidete kando ya reli, ziwa dogo la Gombo katika njia ya Mpwapwa, mabwawa ya viboko katika mbuga ya Mkata ndani ya Hifadhi ya Mikumi, na kusini, kupita Kidodi, bwawa la Kidatu lililozuia Ruaha Mkuu. Kila penye maji kama hayo pana mtu aliyejenga karibu, na kila aliyejenga karibu amepata kheri ambayo hakuitazamia na usumbufu ambao alikwisha kuonywa. Mshauri wenu, ambaye elimu yake ya maziwa ameipata kwa kukaa kivulini na kuwatazama wengine wakilowa, amejibu barua za msimu huu kwa insafu, kadiri ya uwezo wake.

*Bwana Mshauri, baada ya salamu. Nimenunua kiwanja kando ya bwawa kwa mtu mmoja mwenye maneno mazuri, aliyeniambia kwamba mpaka wangu unaishia majini. Nimekwisha kuleta nguzo na seng'enge ili nizungushie hata ndani ya maji, lakini wanakijiji wanapita wakicheka. Wanacheka nini?*
*Mwenye Hati, Dar es Salaam*

Bwana Mwenye Hati, wanacheka kwa sababu mbili, na zote mbili ni za kisheria, ingawa yamkini wao wanaijua moja tu. Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Kwa hiyo nguzo zako za mwisho zimesimama mahali ambapo wenye haki ya kusimama ni matete na korongo. Ya pili ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iliyoikabidhi ardhi ya kijiji kwa halmashauri yake iwe amana kwa niaba ya wanakijiji wote, na ugawaji wake ukahitaji idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mtu mmoja, hata akiwa na ulimi wa asali na kalamu ya dhahabu, hawezi kukuuzia peke yake kitu ambacho mkutano haujakigawa.

Rai yangu ni kwamba uikunje seng'enge, uende kwa mtendaji wa kijiji, uombe kuonyeshwa muhtasari wa mkutano uliolitaja jina lako. Na ikiwa haupo, anza upya kwa adabu. Hasara yako itakuwa ndogo kuliko unavyodhani, maana mwenye nyumba iliyorudi nyuma mita 60 hupata upepo ule ule na machweo yale yale, na zaidi ya hayo huwapata watu: akina mama na ndoo zao, ng'ombe wa wafugaji wakishuka kunywa wakati wa kiangazi, watoto wakivua perege kwa ndoana ya sindano iliyopindwa. Ungefaulu kuifunga njia hiyo ungebaki na maji matupu, na maji matupu humchosha mtazamaji kabla ya adhuhuri.

*Mshauri mpendwa, kiboko anakula mchicha wangu. Nimempigia debe, nimemmulika tochi, na mume wangu amemsomea dua, lakini mnyama huyu anatafuna bila haya. Nifanye nini?*
*Mama Mchicha, mpakani mwa hifadhi, Mikumi*

Mama Mchicha, pokea kwanza pole zangu, kisha umwelewe mshtakiwa. Kiboko hushinda majini kwa sababu ngozi yake haistahimili jua. Magharibi ikiingia hutoka, hufuata njia ile ile aliyoifuata jana na juzi, na katika usiku mmoja hula kiasi cha kilo 40 za majani kabla ya kurudi. Kiumbe aliyeamrishwa na maumbile kumaliza kilo 40 kabla ya alfajiri hana wasaa wa kubagua yapi ni majani ya umma na upi ni mchicha wa mtu. Tena hifadhi iliyo jirani yako, iliyotangazwa mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, nayo haikuzungushiwa ukuta. Na pengine kitalu chako kimeota juu ya njia aliyoirithi kutoka kwa nyanya yake.

Basi, debe liweke chini leo hii, kwa kuwa kiboko aliyeshtuka hukimbilia majini kwa njia fupi kuliko zote, na ole wake aliyesimama katikati. Hamisha kitalu mbali na njia yake, toa taarifa kwa afisa wa wanyamapori, na udai haki yako. Maana serikali iliweka mwaka 2011 kanuni za malipo ambayo watu huyaita kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Nakusihi sana uishie kwenye jasho. Na siku utakayopungukiwa na subira, kumbuka kwamba kuna wageni wanaovuka bahari na kulipa kiingilio kwa fedha za kigeni ili wamwone mnyama huyo kutoka ndani ya gari, naye mara nyingi huwaonyesha masikio tu. Wewe anakuja mwenyewe, kwa hiari yake, hadi chini ya dirisha.

*Mzee wangu, shikamoo. Tangu nijenge Kidete karibu na bwawa, na tangu treni ya mwendokasi ianze safari zake za Dodoma mwaka 2024, nina jamaa wengi kuliko niliozaliwa nao. Wanafika Ijumaa, wanakula kambale, wanalalamika kwamba kambale ananuka tope, na Jumapili wanaondoka na wa kufungasha. Nitawapunguzaje bila kuukata udugu?*
*Mwenyeji Aliyechoka, Kidete*

Marahaba, mwanangu. Dhiki yako ina nasaba ndefu katika bonde hilo. Mwaka 1871 Henry Stanley, akiwa katika safari yake ya kumtafuta Livingstone, aliufuata mto Mkondoa hata akapiga kambi kando ya ziwa la Gombo, ambalo yeye aliliandika Ugombo. Na hapo, kwa simulizi yake mwenyewe, wenzake wawili wa Kizungu, Shaw na Farquhar, waliikashifu nyama iliyoandaliwa kwa chakula cha asubuhi, maneno yakazaa makonde, na usiku ulipoingia risasi ikapenya katika hema la mwenyeji. Wewe kambale wako amesutwa kwa maneno tu. Mshukuru Mungu, kisha ufunge mlango vizuri.

Ama kuhusu tope, jamaa zako hawakusema uongo, na dawa yake ni nyepesi: kambale akiwekwa hai katika pipa la maji safi siku nzima harufu hupungua, na akibanikwa kwa moshi kisha akaungwa kwa karanga, mlalamikaji hukosa ushahidi. Ama kuhusu idadi yao, wahenga walikwisha kutufundisha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Lakini wako hawafiki siku ya tatu, kwa hiyo sharti hukumu iharakishwe. Mgeni akishuka garini mpe wavu uliochanika, mpe na uzi, umketishe chini ya mti penye kivuli kizuri. Atakayekasirika hatarudi. Atakayeketi akashona hata jioni, akasahau simu yake na kuuliza jina la kila ndege aliyepita, huyo ni ndugu wa kweli, naye apewe kambale wawili.

*Mshauri, vyura wananinyima usingizi tangu mvua za vuli zianze. Kuna dawa?*
*Macho Makavu, Rudewa*

Ipo, nayo ni kiangazi. Mpaka hapo funga chandarua, kwa ajili ya mbu na si ya vyura. Na wanao wasioge katika maji yaliyotuama penye konokono, ambamo hupatikana kichocho. Chura anakupigia kelele tu. Mbu na konokono, wenye madhara ya kweli, hawajasema neno.

*Bwana Mshauri, mimi ni mkazi wa kilimani, tarafa ya Kidodi. Bwawa la Kidatu naliona kwa macho yangu, nyaya kubwa za umeme naziona zikipita, na usiku wa kuamkia leo nimekula gizani. Je, hii ni haki?*
*Jirani wa Mwanga*

Bwana Jirani, ujirani una heshima zake, lakini umeme hauzijui. Maji unayoyatazama yametoka mbali, yamepita mashamba ya mpunga ya Usangu, yakakaa Mtera, ndipo yakafika kwako. Na hapo, tangu mwaka 1975 ilipozinduliwa mitambo ya kwanza, yanaingizwa katika handaki na kupelekwa ndani ya mlima, ambamo mashine zenye uwezo wa megawati 204 zimefichwa zisionekane na wapita njia. Nguvu inayotoka humo haikukabidhiwa Kidodi. Imetiwa katika gridi ya taifa, na katika gridi hiyo mtu wa ukingoni mwa bwawa na mtu wa kisiwani wana daraja moja. Nunua sola ndogo, tia betri yake, na siku za giza usile samaki, kwa kuwa perege ana miiba na giza halina huruma; kula ugali kwa maharage. Raha ya bwawa lako ni ya mchana, na mchana hakuna aliyeweza kuikata.

*Mshauri, mimi sikujenga ziwani, ziwa lilinijia. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 Mkondoa ulipovunja tuta lake, maji yalisimama ndani ya nyumba yangu hata dirishani. Nilirudi, nikajenga pale pale. Watoto wangu walioko Morogoro wananitaka nihame. Nani mwenye haki?*
*Mzee wa Mkondoa, Kilosa mjini*

Mzee wangu, shikamoo. Na hapa naomba nipumzishe mzaha. Maji yale yaliwaacha maelfu ya watu bila makazi na yakaing'oa reli baina ya Kilosa na Gulwe, hata safari za treni zikasimama kwa miezi, na mwenye kuyataja kwa kicheko hakuwapo. Lakini najua pia kwa nini ulirudi. Mkondoa unashuka kutoka milima ya Usagara ukibeba udongo, na udongo huo ndio uliotandika mashamba ya bondeni ambayo mahindi yake hayahitaji kubembelezwa. Mto huo huo ndio uliofungua njia katika milima, Wajerumani wakaipitishia reli yao iliyofika Kilosa mwaka 1909. Ikafuata stesheni, likafuata soko, yakafuata mashamba ya mkonge ya Kimamba. Mji wako wote ni zawadi ya mto, na aliyetoa zawadi hakuwahi kuahidi kwamba hatarudi kuitazama. Udongo unaorutubisha shamba ndio ule ule unaojaza mkondo na bwawa, hata kina kikipungua maji yakakosa pa kukaa isipokuwa kwa watu.

Hukumu yangu ni kwamba watoto wako wana haki kuhusu kitanda, na wewe una haki kuhusu jembe. Lala juu, lima chini. Hata reli mpya ya treni ya mwendokasi ilipofika hapo haikutaka ubishi na mto: ilichimbiwa mahandaki katika milima. Tafuta nawe kiwanja mwinukoni, panapoonekana shamba lako. Hati na vyeti vitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa. Na mvua ikinyesha Usagara mfululizo, usingoje ianze kunyesha Kilosa, kwa sababu mto hupata habari kabla yako.

*Mshauri, nimesoma majibu yako kwa mshangao. Kiboko, mafuriko, vyura, giza, jamaa! Sisi wa huku tuna ukame, lakini tunalala. Niambie bila kuzunguka: raha ya kukaa kando ya maji ni nini?*
*Mtu wa Nchi Kavu, Gairo*

Ndugu yangu wa Gairo, nitakujibu kwa kukuomba uzisome tena barua zenyewe badala ya majibu yangu. Mama Mchicha hakuuliza bei ya nyumba yake. Jirani wa Mwanga hakuuliza njia ya kwenda Iringa. Mzee wa Mkondoa alifukuzwa na mto wenyewe, naye akarudi akiwa na matofali. Hata Macho Makavu, asiyelala, ameomba dawa ya vyura na hakuomba nauli. Watu hawa wana mahali ambapo kila jioni jambo fulani litatokea lisiloandaliwa na binadamu: ndege atainuka na samaki, maji yatapanda au yatashuka kiasi cha dole gumba, na wote watatoka nje kulijadili. Huku kwenu ukame ukija kila mtu huutazama akiwa peke yake shambani kwake. Bwawa hutazamwa na kijiji kizima, kwa hiyo hata hasara yake huwa ni mazungumzo.

Ukishawishika, tafuta kiwanja mwinukoni, uache mita 60, upite kwenye mkutano wa kijiji, na usipande mchicha njiani mwa mtu aliyekutangulia. Kisha subiri mvua moja ya masika na uniandikie malalamiko yako, yawe marefu. Huko hawamhesabu mtu kuwa mwenyeji kwa sababu ya hati. Wanamhesabu siku anapoanza kulalamika kama wao na kukataa kuhama kama wao.