Mhadhara Juu ya Matofali Mawili

Mtaalamu Mkuu wa Ardhi Inayovimba, cheo alichojitunuku mwenyewe, alipanda juu ya matofali mawili, akakohoa mara tatu, akawasalimu mafundi: "Mbukwenyi!" Kisha akawakumbusha kwamba jina la Dodoma, kwa simulizi ya Wagogo, limetokana na tembo aliyedidimia topeni alipokwenda kunywa maji. "Sasa, wanangu, tembo alikosa nini? Msingi!"

Mafundi walicheka kwa adabu.

Tangu 1973, uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipopitishwa, alisema, ardhi hii haijapata mfafanuzi wa kiwango chake. Akafafanua. Vilimani udongo ni mwekundu wa kichanga. Mabondeni ni ule mweusi wa mbuga, ambao mfinyanzi wake hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa na kupasuka. Mvua huja Desemba, huaga Aprili, na kinachofuata ni kiangazi kirefu. Kila mwaka ardhi hupanda na kushuka, na ukuta hupata ufa wa mshazari kuanzia kona ya dirisha. Ghorofa walau huikandamiza kwa uzito wake. Kibanda cha chumba na sebule hunyanyuliwa kama sinia.

"Dawa ni nguzo ndefu!" akanguruma, na hapo, lazima akubaliwe, alikuwa sahihi. Nguzo ya zege huchimbiwa kupita tabaka linalobadilika na misimu, ikashike udongo tulivu ulio chini yake. Tatizo ni kwamba udongo ukivimba huing'ang'ania nguzo ubavuni na kuivuta juu; zege tupu likivutwa hukatika, ndiyo maana nondo hushushwa hadi kitakoni. Huko Roorkee, India, watafiti waliendeleza nguzo yenye kitako kilichotanuliwa kama mtungi, ising'oke kirahisi.

Ilibaki boriti inayofunga vichwa vya nguzo. Mtaalamu akaamuru ishindiliwe udongo chini yake, "jengo lisining'inie kama popo."

Fundi mmoja akauliza, "Mzee, mvua zikija, udongo huo utavimbia wapi?"

Kimya. Kwa kawaida pale huachwa uwazi.

"Swali hilo," akajibu Mtaalamu, "ni la muhula wa pili." Ili kubadili mada akachomeka fimbo yake kwenye ufa uliokuwa mbele ya matofali, aonyeshe kina cha ukavu. Ikazama hadi mpini, ikamponyoka. Fundi yule akaenda kuleta sururu.