Ndimu Sita, na Wageni Wako Njiani

Simu imeita. Wakwe zako wako Kariakoo, wameshapanda bajaji, wanakuja "kuwajulia hali tu". Nyumba yako iko Sinza, na haijaguswa tangu Jumamosi. Tulia. Fagio liache lilipo kwanza. Kwa foleni ya mchana una nusu saa, na inatosha. Toa ndimu sita, kisu, chumvi na kitambaa kikavu. Tunakwenda kusafisha kidogo na kusifiwa sana.

1. Funga milango ya vyumba vya kulala. Yote. Kapu la nguo chafu, viatu vya watoto na pasi vinaingia huko. Mgeni mwenye adabu hafungui mlango uliofungwa, na asiye na adabu hawezi kusimulia alichokiona. Umebakiwa na sebule, jikoni na choo cha wageni.

2. Kimbilia jagi la umeme la kuchemshia maji. Hapa ndipo wengi huumbuka. Mmoja wa wageni lazima atakufuata jikoni "kukusaidia", atafunua jagi, na atauona ule utando mgumu mweupe chini. Hatasema neno. Atasema akifika kwao.

Kwa hiyo viringisha ndimu mbili mezani kwa kiganja, ukizikandamiza, ili zitoe maji mengi. Zikate, zikamulie ndani ya jagi, jaza maji, chemsha, kisha acha robo saa. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vyake vingi hubeba chokaa. Kila unapochemsha, chokaa hicho kinagandia chini. Tindikali ya ndimu inakila na kukigeuza vipovu vya kaboni dioksidi, na utaviona vikipanda. Wewe hukusugua chochote. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja, mwaga tena. Hatua hii ya mwisho usiiruke: tindikali ikibaki, maziwa ya chai yatakatika mbele ya mama mkwe, na hapo hakuna ndimu itakayokuokoa.

3. Maganda ya zile ndimu mbili usiyatupe. Tia kwenye sufuria ya maji pamoja na karafuu tano sita na kijiti cha mdalasini, weka kwenye moto mdogo, fungua mlango wa jikoni. Mafuta yaliyomo kwenye ganda hupanda na mvuke na kuenea hadi mlango wa mbele. Mgeni hunusa kabla hajaona, na akishanusa vizuri macho yake yanakuwa na huruma. Akisema nyumba inanukia, jibu ni moja tu: "Ah, kawaida."

Wapo watakaokuambia uchome udi. Choma, udi ni heshima. Lakini kama jana mlikaanga samaki, udi utaifunika shombo, hautaiondoa. Shombo hutokana na kemikali jamii ya amini, nazo hupenda kuruka hewani. Zikikutana na tindikali zinageuka chumvi isiyoruka. Ndiyo maana nusu ndimu, ikisuguliwa na chumvi kwenye ubao wa kukatia na kwenye vidole vyako, inamaliza kazi ambayo sabuni iliishindwa asubuhi nzima. Usiuache mkono. Mkono ndio kitu cha kwanza utakachompa mgeni.

4. Sasa vitu vya kung'aa. Nusu ndimu ipitishe kwenye bomba la sinki na la choo cha wageni, subiri dakika mbili tatu, suuza, kausha kwa kitambaa. Kukausha ndiyo siri yenyewe. Bomba kavu linaonekana jipya, bomba lenye matone linaonekana la jana.

Nusu nyingine ichovye kwenye chumvi uifuate shaba: sinia, chetezo, mrashi wa bibi. Weusi ule ni shaba iliyoungana na oksijeni. Tindikali huuyeyusha, chumvi husaidia na kukwangua. Rangi inarudi ukitazama, na kila nikiiona inarudi hufurahi upya. Sugua upande unaoelekea mlangoni tu. Upande wa ukutani hauna mgeni. Suuza na ukaushe upesi, la sivyo kesho utakuta madoa ya kijani. Na kama kitu kimepakwa rangi ya dhahabu tu juu, kiache, ndimu itakivua nguo.

5. Maikrowevu: bakuli la maji na vipande vya nusu ndimu, washa dakika tatu, usifungue dakika tano. Mvuke umelainisha mafuta. Futa. Basi.

Sasa nisikilize vizuri, maana napenda uvivu wenye akili na siutaki uvivu wa hatari. Chooni usichanganye ndimu na Jik wala dawa yoyote ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na mgeni wako atakukuta unakohoa barazani. Chagua kimoja. Marumaru, terazo na sakafu ya saruji usiziguse: chokaa kilichomo humo huliwa sawasawa na kile cha kwenye jagi, na doa halitoki tena. Na usitoke juani kuanua nguo ukiwa na maji ya ndimu mikononi. Yakikutana na jua kali huunguza ngozi. Baada ya siku moja au mbili yanatokea malengelenge au madoa meusi, nayo hukaa wiki kadhaa. Nawa kwa sabuni kwanza.

Kanzu nyeupe yenye doa la kutu inataka saa nyingi, kwa hiyo iache kwa ziara iliyotangazwa mapema: ndimu, chumvi, anika juani, fua. Ya rangi usijaribu, itapauka.

Kuna mtu ataniambia huu ni udanganyifu. Mimi nasema mwenyeji aliyepiga deki nyumba nzima hupokea wageni akiwa amenuna na mgongo unamuuma, anahesabu nani amekanyaga wapi. Nimewaona wengi, na nawaonea huruma. Wakwe wamepanda bajaji juani wakuone wewe. Nguvu zako ziweke kwenye kucheka, kuuliza habari za shamba na kujaza vikombe. Ndimu ishike zamu ya usafi.

6. Zimebaki ndimu mbili, na hizi ndizo za thamani kuliko zote. Kamulia kwenye jagi la kioo, sukari, chembe ya chumvi, tangawizi iliyopondwa, maji baridi. Chuja. Bajaji ikisimama nje, vua kitenge cha kazi, zima moto wa maganda, toka na jagi mkononi. Wape glasi kabla hawajaanza kutazama kuta, kisha wape tena. Wakikuuliza umeanza usafi saa ngapi, waambie: "Mapema tu."