Chaza wa Shemeji

Shemeji yangu akienda Lubumbashi huwa tunamwagiza mkate na samaki tomsoni. Safari hii alirudi kwetu Manika na boksi la chaza wa barafu, kila mmoja amelala kwenye ganda lake, eti ndicho chakula cha mabosi. Mama mkwe alimgusa mmoja kwa ncha ya kidole. "Siku hizi banakula na majiwe?"

Maelekezo yalikuwa kwenye simu: chaza wa Rockefeller, waliobuniwa mwaka 1889 na Jules Alciatore kwenye mkahawa wa Antoine's, New Orleans, wakaitwa jina la tajiri Rockefeller kwa jinsi mchuzi wao ulivyonona. Juu huwekwa majani yaliyosagwa, siagi na chenga za mkate, kisha tanurini. Sisi tulikuwa na sombe ya jana, majani ya muhogo. Kalanga ya kutwanga ikashika nafasi ya siagi. Umeme nao ukakatika, kwa hiyo chaza wakapanda jiko la mbabula, bati juu yao, makaa juu ya bati. Ganda moja lilipasuka kwa kishindo, watoto wakalala chini.

Kishindo kilimleta jirani, mchimbaji madini wa miaka mingi. Alinyanyua chaza, akampima uzito kiganjani, akauliza ana asilimia ngapi. Simu ikajibu: chaza sita huweza kupita zinki ya kumtosha mtu siku nzima, shaba wanayo kuliko karibu vyakula vyote, tena wamejaa vitamini B12, ambayo kila molekuli yake ina kobalti katikati. Mafuta hawana mengi, kabla ya kalanga yetu.

"Zinki, shaba, kobalti," jirani akahesabu. "Hii ni kampuni nzima ya madini, Gécamines, ndani ya ganda!" Halafu akakasirika. Reli ya Lobito iliungana na ya Katanga mwaka 1931 ili shaba ifike baharini. Na sasa sisi tunaitoa kwa malori, tunairudisha kwa miligramu, tena kwa dola? Hasira haikumzuia kumaliza sahani.

Mama mkwe alibaki na vinkubala vyake, viwavi vikavu vyenye protini, chuma na zinki, na visivyohitaji friji. Alichotaka ni maganda tu: ni chokaa, kuku wakiyala, maganda ya mayai yao huwa magumu. Akayatwanga yote. Kinu chenyewe ni kilekile cha sombe, na wiki nzima mboga yetu ilikwaruza meno.